Safu ya Milimita

Saa nane na robo, zamu ya usiku, Tanga.
Kwenye kioo cha rada doa la kijani
linavimba kutoka Mwambani,
kama wino uliodondokea pamba.

"Mvua," anasema Shekue, keshashika kalamu.
Natoka nje. Lami kavu. Nyota zote zipo kazini.
Shati la mlinzi, lililosahauliwa kambani,
halitikisiki.

Narudi. Doa limekwisha vuka Chumbageni,
linashika kaskazini.
Upepo umelala, nalo linakwenda.
Mvua gani hii inayojiendesha?

Shekue anakipiga kioo kwa kiganja
kama redio ya marehemu babaye.
Doa haliondoki.

Nazima feni. Nafungua dirisha.
Muda mrefu, mbwa tu, na jenereta ya hospitali.
Kisha juu, juu sana: twi,
nyembamba kama uzi unaotafuta tundu la sindano.
Twi.

Vitwitwi. Labda na sululu.
Juzi nimewaona topeni, maji yametoka,
wanadonoa bila kuinua kichwa.
Nikasema moyoni: walafi hawa.
Kumbe wanafunga mizigo.

Kwenye safu ya milimita naandika sifuri.
"Na kwenye maelezo?" anauliza Shekue.
Subiri, namwambia.
Hawajaisha.