Karatasi ya Tarehe Tisa Machi

Nedyalka Mindova, jina lake la Jumapili
kama sisi tunavyomwita mtoto Juma, au Khamisi,
alilipwa mshahara miaka thelathini na mmoja
kuzijaza siku.

Kalenda ya kuchana, ndiyo kazi yenyewe:
ile inayoning'inia jikoni mwa watu wa Ruse,
ng'ambo hii ya Danubi,
ambayo kila asubuhi mkono wenye unga
huing'oa jana, huikunja, huiwashia jiko.

Mbele, tarakimu kubwa nyeusi,
jua kuchomoza, jua kutua, mtakatifu wa leo.
Nyuma, mistari kumi na miwili. Haizidi.
Nani kazaliwa, nani kafa, nini kimevumbuliwa,
na chini kabisa, namna ya kuchachusha kabichi.

Kumi na miwili!
Na siku moja, jamani, imelaza wangapi?
Siku ni kitanda cha nyumba ya wageni:
huyu katoka na viatu mkononi,
yule anaingia, shuka bado lina joto,
na hawatajuana kamwe.

Tarehe tisa Machi aliijua
kama mtu anavyozijua ngazi za kwao gizani.
Mfalme kuvikwa taji, taji likampwaya.
Daraja kufunguliwa kwa tarumbeta na mvua.
Mtunga muziki kuzaliwa, wa saba kwa mamaye.
Mwanamke mmoja kukabidhiwa treni aiendeshe,
abiria wawili wakashuka.
Na mbele, juu, chini ya tarakimu,
wafiadini arobaini waliogandishwa ziwani,
wote arobaini katika mstari mmoja.

Hakuandika
barafu ya Danubi kupasuka saa nane mchana,
na Ognyan, miaka tisa, mdogo wake,
aliyekuwa amekwisha kufika ukingoni,
kurudi kuchukua kofia.

Wala hakuandika,
miaka kumi na minne baadaye, tarehe ileile,
saa nne usiku, hospitali ya reli,
Desislava, kilo tatu na robo,
akilia kama mlango usiotiwa mafuta.
Bibi yake alimpokea kwa mikono miwili
akatazama ukutani, kwenye kalenda,
akakaa chini.

Basi mezani kwao, kila mwaka,
kushoto ngano ya kuchemsha, ya marehemu,
imenyunyiziwa sukari, imetiwa jozi;
kulia keki.
Wakubwa walianza kushoto, kimya,
kisha mtu alikohoa, kibiriti kikawashwa.
Mtoto alidhani ndivyo dunia ilivyo.
Siku alipoalikwa kwa jirani, kwa Yoana,
alikula, akapiga makofi, akaangaza meza yote,
akauliza kwa sauti:
"Na ngano yako iko wapi?"

Mwaka wa mwisho kabla ya pensheni
Nedyalka alipeleka karatasi ile na mistari kumi na mmoja.
Gencho wa kiwanda cha chapa akapiga simu:
"Mama Mindova, kuna mstari umepotea."
"Haujapotea. Pana mtu amekaa."
Gencho akanyamaza. Alisikika akipekuapekua.
"Mama, pakiwa peupe hivi watadhani mashine imeharibika."
"Na wadhani."

Lakini Gencho ni Gencho.

Asubuhi yenyewe, Sofia, ghorofa ya sita,
Desislava, arobaini kamili, nywele hazijachanwa,
aliing'oa tarehe nane, akaikunja;
akaing'oa na tisa, jambo ambalo halifanywi
kabla siku haijaisha,
akaigeuza.
Mfalme. Daraja. Muziki. Treni.
Mstari wa kumi na mbili:
*Usisahau kuloweka mbegu za pilipili.*

Simu ikalia. Mama.
"Umeiona nafasi niliyowaachia?"
Desislava akatazama bilauri dirishani,
mbegu zikielea juu, moja moja zikizama.
"Nimeiona," akasema. "Nimeziloweka."
Upande wa pili kimya,
kisha kicheko, kirefu, cha kukatakata pumzi,
mpaka hakikuwa kicheko tena,
kisha mtu akakohoa,
kisha kibiriti.