Poda Juu ya Injini

Doa lilianza dogo, kiasi cha sarafu ya shilingi tano,
kwenye saruji ya Mama Dzame, hapa Mikindani.
Mama Dzame kodi huidai kwa upole.
Doa hakulidai kwa upole.
"Gari lako linakojoa," akaniambia, ndoo mkononi,
"na mimi si yaya wake."

Usiku nikatandika katoni ya unga chini ya injini.
Asubuhi matone saba, meusi, yote upande mmoja.
Kazi yangu ni kuhesabu makontena getini;
kikipungua huku, kimeongezeka kule.
Nikachomoa kijiti, nikakifuta kwa leso kuukuu:
mafuta yameshuka nusu ya alama.

Fundi Ndoro alichuchumaa, hakulala chini.
"Sili ya nyuma. Injini ishuke. Elfu kumi na nane."
Na Sudi, kwa sauti aliyoirekodi Doha,
feni ya bweni ikivuma nyuma yake:
"Ni sampu tu hiyo. Juu usiguse. Juu nilishatengeneza."

Wanaume wawili, wote wakitazama chini
kwa kuwa tone liko chini.

Lakini kila nikipita Kibarani nilisikia harufu,
si ya bahari wala ya moshi wa malori,
ya vitumbua vilivyosahauliwa kaangoni,
na sampu haina moto wa kukaanga kitu.

Jumapili, injini ikiwa baridi, nikaiosha
kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani wa Mishi.
Ilipokauka nikatafuta kopo la poda,
iliyobaki Mishi alipoacha nepi,
nikaimwagia injini shingoni, kwapani, mapajani,
mpaka ikawa mtoto aliyetoka kuogeshwa.
Mishi, miaka saba, alicheka hadi akakaa chini.
Nikaiwasha. Tukangoja.

Ukatokea mstari.
Mwembamba, wa kahawia,
ukianzia juu kabisa, ukingoni mwa kifuniko cha tapeti,
ukateremka nyuma ya egzosi,
ukazunguka bolti, ukapotea, ukaibuka,
ukafika sampu kama mgeni
anayeulizwa katoka wapi
akataja kituo cha mwisho tu.

Tukaizima, tukaiacha ipoe hadi alasiri.
Spana namba kumi. Bolti kwenye trei ya mayai, kila moja na tundu lake.
Kifuniko kilikataa. Nikakigonga kwa mpini wa nyundo,
kikaachia kwa sauti ya busu.

Na pale, silikoni ya kijivu,
imepakwa kama jemu kwenye bofulo
juu ya gasketi iliyokauka kama ganda la ukwaju,
na katikati ya silikoni, alama ya dole gumba.
La Sudi. Nalijua: lina kovu la kisu cha madafu,
mstari mmoja unaokata mingine yote.
Juu nilishatengeneza.

Nilikaa juu ya ndoo ya Mama Dzame.
"Imevunjika?" Mishi akauliza.
Hapana. Imebandikwa.

Nikaikwangua kwa rula ya shule, nisichune chuma.
Ilitoka vipande vipande.
Kile chenye dole kilitoka kizima.
Sikujua pa kukiweka. Nikakitia kwenye trei, tundu la mwisho.

Gasketi mpya, ya duka la Sabasaba, laini kama sikio.
Bolti za katikati kwanza, kisha za pembeni,
vidole kabla ya spana,
nikaacha pale mkono uliponiambia basi.
Sudi hukaza mpaka chuma kilie.

Asubuhi, katoni mpya: matone mawili.
Mama Dzame kashika kiuno.
Nikamweleza hayo ni ya zamani,
yalijificha kwenye mikunjo ya chuma,
yatashuka siku mbili tatu hata baada ya kuzibwa.
Akayatazama. Akanitazama.
"Na siku ya nne?"

Simu ikatetemeka mfukoni. Doha.
Nikaiacha itetemeke,
nikainama na tochi.