Komeo

Saa kumi na mbili alfajiri, Entebbe bado imejifunika ukungu wa ziwa,
nachukua wavu wenye mpini mrefu
naokota kilichoanguka usiku:
majani ya mfenesi, senene mmoja aliyekosea msimu,
na wadudu wa ziwani, maelfu, kama masizi,
waliofuata taa ya baraza wakidhani ni mwezi.

Kisha nalinusa. Bwawa zuri halinuki.
Wageni husema, leo linanukia dawa, basi ni safi.
Hapana. Likinuka hivyo, dawa imeshikana mieleka na uchafu
na mshindi hajajulikana.
Nachota maji kichupani, natia matone matano,
nasubiri rangi kama mtu anayesubiri jibu la posa.
Dawa hutiwa majini; maji hayatiwi kwenye dawa.
Hilo alinifundisha Ssemwanga wa Kisubi,
asiye na nyusi ya kulia.

Umeme ukikatika siku mbili, pampu ikanyamaza,
maji huanza kuwaza kijani.
Mvua ikinyesha, udongo mwekundu wa jirani
hupenya chini ya ukuta bila hodi,
na kaloli, ndege yule mwenye upara,
husimama ukingoni kama mkaguzi wa kodi.
Yote hayo yana brashi yake. Yana siku yake.

Uzio niliuomba mimi.
Bwana mwenye nyumba alisema utaharibu mandhari.
Mama Suubi alinitazama usoni, hakuuliza,
akampigia simu fundi wa vyuma.
Lango linajifunga lenyewe,
komeo liko juu, usawa wa kifua changu.
Jumapili wageni huja na nyama ya kuchoma,
hulizuia kwa kreti ya soda lisiwasumbue.
Naiondoa kreti. Wanairudisha.
Naiondoa.
Mmoja akaniuliza, akicheka,
wewe umeajiriwa kulinda maji au mlango?

Kwetu Vurra hapakuwa na bwawa.
Palikuwa na shimo.
Watu walichimba udongo, wakafyatua matofali, wakauza, wakaenda zao,
mvua ya Agosti ikaja kulijaza.
Nilikuwa na miaka tisa, nachonga gari la mabua.
Hatua kumi na nne. Nimezihesabu baadaye,
nimezihesabu mara nyingi.
Onzima alikuwa na miaka minne
na alikuwa akiongea nami.

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa.
Walimwona mtu mzima, hao.
Mtoto hatapitapi. Hapigi kelele. Hapungi mkono.
Huingia majini kama sarafu mfukoni,
na wewe uliye hatua kumi na nne
unadhani amenyamaza kwa sababu anakusikiliza.
Nikageuka kumwonyesha magurudumu.

Ndiyo maana jioni natoa majini mpira,
bata wa plastiki, kile kiboya chenye sura ya pundamilia,
kisibaki kitu cha kumwita mtoto kwa jina.
Ndiyo maana fimbo ya kuokolea haining'inizwi nguo,
hata taulo la bwana.
Ndiyo maana nawaambia wazazi: simu mfukoni,
macho majini. Wengine hununa. Na wanune.

Leo, nikisugua vigae,
Suubi amekuja hadi kwenye uzio, miaka mitatu na nusu,
ameingiza pua kati ya vyuma.
"Fungua."
"Umekuja na nani?"
Ameinua dubu wake kwa sikio moja.
"Dubu hajui kuogelea. Nenda ukalete mtu mkubwa."
Amefikiri. Amenitazama kutoka miguuni hadi kofiani.
"Wewe si mkubwa?"

Nimeweka brashi chini.
Nimetoka nje ya uzio, nikamshika mkono,
tukaenda pamoja kumtafuta mama yake.
Nyuma yetu lango limerudi lenyewe, polepole,
nami nikasimama, kama ninavyosimama kila siku,
sijapiga hatua nyingine
mpaka lilipolia: tak.