Kanda ya Tudor

Wimbo si wake Nyamawi.
Ulitoka mbali, kwenye santuri ya baharia
aliyeshindwa kulipa deni la bia Kilindini.
Mwenyewe aliuimba vizuri, sikatai.
Lakini mimi nataka huu wa Tudor,
Jumamosi ile ya joto, gitaa la kukopa,
uzi wa tatu umelegea nusu sauti,
naye anauvuta kwa kidole, anausihi,
hadi ulie.
Treni ya wimbo kaigeuza feri:
imeondoka, na mpenzi kabaki Likoni.

Kisha, kabla ya ubeti wa mwisho,
glasi inavunjika. Mtu anacheka.

Ni Mkambe. Miaka kumi na mmoja kaburini,
na kila nikirudisha kanda
anacheka palepale,
na Nyamawi anakosea noti ileile
kwa kugeuka kumtazama.