Ngao ya Mtumba

Ilishuka na kontena, nikaikuta Changamwe
kichalichali juu ya rundo la matairi,
kama kasa aliyepinduliwa.
Ngao ya upepo ya pikipiki ya mtu mwingine:
rangi ya maziwa yaliyolala, ufa chini ya taa,
kioo kimekwaruzwa na vumbi la nchi nisiyoijua.
Mbwarali akasema elfu kumi na mbili.
Kwa bei hiyo, nikamwambia, nipe na mwenyewe aliyeanguka nayo.
Akacheka, akaongeza masanduku mawili ya pembeni,
moja halina ufunguo.
Tukapeana mkono kwenye elfu tisa.

Honda yangu ni ya mwaka wa sabini na tisa.
Tangi lake limepakwa rangi mara nne,
na chini ya buluu ya leo, ukikuna kwa ukucha,
utamkuta marehemu kaka yangu Shee
bado amekaa, rangi ya damu ya mzee.

Fundi Tsuma aliizunguka mara tatu, hasemi,
kama mshoni aliyeletewa bwana harusi wa miaka themanini.
"Hii haikuzaliwa na hii," akatamka mwishowe.
"Basi zioze."
"Kuoza kwa mahari, au kuoza kwa kutu?"

Tukatafuta vishikizo:
mguu wa kitanda cha hospitali,
bapa la chuma lililokuwa geti la shule,
ndara moja iliyokatwa vipande vinne
ili plastiki isilalamikie chuma.
Akatoboa, akachomelea, akaapa.
Bolti nane; saba zilikubali.
Ya nane ninayo mfukoni hadi leo.

Sanduku lisilo na ufunguo tulilifungua kwa waya.
Ndani, glavu ya mkono wa kushoto,
risiti yenye maandishi kama vijumba vya njiti,
na mchanga, mweusi, si wa kwetu.
Tsuma akataka kuumwaga. Nikamwambia wacha.
Sijui kwa nini.

Jioni nikarudi nayo Kibokoni,
na hapo ndipo tulipoaibika.
Kichochoro chetu kina upana wa mabega mawili na salamu,
na pikipiki ilikuwa imenenepa.
Kulia ikakwama kwenye baraza la kina Mwanamvita,
kushoto ikakwangua chokaa.
Watoto wakatoka. Paka wakaondoka.
Maimuna dirishani, mwiko mkononi:
"Mke mwenzangu umemnunulia masanduku, sasa mbebee!"
Nikayavua moja moja, nikayatia kwapani,
nikaingia nyumbani kama mtu aliyefukuzwa kazi saa hiyo hiyo.

Lakini nilitaka kusimulia ya daraja.

Alfajiri, Daraja la Nyali, kabla ya foleni.
Miaka ishirini na sita upepo wa pale umenipiga kifua,
umenitoa machozi, umelijaza shati langu kama puto.
Miaka yote hiyo nikisikia upepo
nikidhani ndiyo sauti ya pikipiki.
Siku hiyo ukapasuka kwenye kioo, ukaenda zake pembeni,
na mbele yangu pakawa kimya kama chumba.
Ndani ya kimya kile nikaisikia.
Tik. Tik-tik. Tik.
Valvu ya kulia, au mnyororo wa ndani, Mungu ajua;
uzee uliokuwa ukiniita muda wote
na mimi nimevaa upepo masikioni.

Nikasimama Kongowea, penye wauza mbatata
wakifungua magunia kwa mwanga wa simu.
Nikainama, sikio kwenye injini, helmeti mkononi.
Kijana mmoja akauliza, "Mzee, inasema nini?"
Inasema imechoka, nikamjibu.
Halafu nikajirekebisha: inasema ilichoka zamani.

Nikanunua mbatata kilo kumi,
tano sanduku hili, tano lile, juu ya mchanga wa watu.
Nikampigia Tsuma kwamba naja, na si kwa bolti ya nane.
Nikaondoka polepole, gia ya pili,
na kioo kikampokea mdudu wake wa kwanza wa Mombasa
juu ya mikwaruzo ya kwao.