Masahihisho kwa Kalamu ya Kijani

Ombeni, nimeusoma ukurasa wako
hapa kaunta, Mwenge, umeme umekatika,
mashine ya fotokopi imenyamaza na karatasi ya mtu mdomoni.
Nimetumia kijani. Nyekundu walitumia walimu wangu,
na hadi leo nikiiona nakaa wima.

Kwanza hongera. Wiki tatu tu
na tayari unakosea kwa ujasiri.

Sasa sikia. Kiklingoni hakina hujambo.
Mtu akikukuta husema nuqneH, wataka nini,
basi. Wewe umejaza mistari mitano
ya habari za nyumbani, za kazi, za tangu juzi,
kama anayeingia msibani Tandale.
Nimeikata yote. Iliniuma, lakini nimeikata.

Umeandika jIlegh SoSwIj:
wewe mbele, kisha kuona, kisha mama,
kama tusemavyo sisi. Kule hugeuzwa,
anayeonwa hutangulia. Na hiyo jI
ni ya mtu aonaye tu, hana anayemwona.
SoSwI' vIlegh. Mama, namwona.
Hiyo vI isikutishe: silabi moja
imembeba mwonaji pamoja na mwonwaji.
Wewe uliyekua ukisema nitakupigia
huwezi kushindwa na kiambishi.

Herufi kubwa si mapambo.
q ndogo na Q kubwa ni majirani wasiosalimiana.
Na ile alama juu si kinyesi cha nzi,
ni konsonanti, koo linajifunga kidogo.
Sisi tunaojua kuwa ng'oa si ngoa
tusiidharau.

(Mimi mwenyewe nilijifunza kwa nakala
alizoziacha mteja mmoja, akahamia Mwanza bila kulipa.
Kurasa za kumi na mbili hadi ishirini sijawahi kuziona.
Kwa hiyo ukinikuta nimekosea, sema.)

Nimelizungushia duara neno moja.
SoSwIj. Mwisho huo ni wa vitu:
kijiko changu, ndoo yangu.
Wenye lugha hupewa -wI'.
Kumwandika mama kwa -wIj ni tusi.
Najua ulikolitoa. Sisi husema mbuzi wangu,
halafu mama yangu, kama nyumba yangu, kama ndala yangu,
na hakuna anayestuka.

Hili nilikuambia palepale Alhamisi,
umeegemea friza la soda.
Hukubisha. Ulisema tangu Februari mama hasemi.
Upande wa kulia umelala. Anatazama feni.
Ukauliza: wenye lugha, yeye yumo?

Jenereta la saluni likawaka.
Nikalaminisha kitambulisho cha mtu,
nikakilaminisha na unywele ndani.

Sikukuuliza kwa nini lugha hii.
Huenda kwenu Mbezi pole zimejaa hadi barazani
na ulitaka mahali pasipo na pole.

Siku nne nimetembea na swali lako.
Jibu liko pembeni, nimeligandamiza
hadi limetokea upande wa pili wa karatasi:
-wI'. Mtoto mchanga hupewa,
naye hajasema hata ma.
Kila mahali, Ombeni. Mara saba, nimehesabu.

Limebaki la mstari wa mwisho.
muqoy' SoSwIj (-wI' hapo, nimeshasema).
Ulivyoliandika, mama ananisihi.
Nadhani ulitaka muQoy, ananisikia:
Q kubwa, alama itoke.
Nilishaweka kalamu juu yake,
nikaiinua.
Nimeacha kiulizo tu. Wewe ndiye unayekaa naye,
unayajua macho yake yanafanya lipi.
Njoo Alhamisi uniambie.

Umeme umerudi.
Karatasi ya yule mtu imetoka, nusu yake nyeusi.