Muhtasari Ambao Sikuuandika

Muhtasari wa kikao unasema:
kamati iliridhia majiko ya gesi
kwa shule saba za bweni, badala ya kuni,
"kwa kuzingatia utunzaji wa mazingira
na thamani halisi ya fedha."
Niliuandika mimi. Hata koma ni zangu.
Ila mtu akija kesho akaniuliza, Nyemo,
ni nini hasa kiliwasukuma,
nitamvutia kiti, nitammiminia chai,
nimsimulie yale yasiyo na namba ya ajenda.

Kwanza, lori.
Kila Jumatatu lilipita hapa Bahi kwa gia ya kwanza,
limebeba migunga iliyokatwa ikiwa mibichi,
utomvu ukidondoka kama damu ya pua.
Miaka kumi nilipitisha hati zake za malipo.
Safari ilianzia kilomita sita;
mwaka jana dereva aliandika thelathini na tisa.
Msitu ulikuwa unatukimbia
na sisi tunaulipia nauli.

Pili, hoja ya ukaguzi, namba kumi na nne:
gharama za kuni zimepanda bila maelezo.
Usiidharau hoja, ndugu yangu.
Kuna mkubwa asiyetikiswa na jangwa
anayekosa usingizi kwa aya mbili zenye mhuri.

Waraka kutoka juu nao ulikuwepo.
Ulikaa kwenye trei miezi minane,
una duara la chai mpaka leo.
Kikombe changu ndicho kilichousoma.

Halafu Damari Chilongani,
mpishi wa sekondari ya wasichana.
Hakualikwa. Aliingia na sufuria iliyotoboka kitako,
akaitua juu ya makabrasha yetu,
masizi yakafunika bei ya chini kabisa.
"Kuni mnalipia ninyi," alisema.
"Moshi wake unalipiwa na nani?"
Akakohoa. Si kwa kusudi.
Tulisubiri amalize, hakumaliza upesi,
na feni ikazunguka, na hakuna aliyemtazama mwenzake.
Nikapekua jedwali la kulinganisha:
bei, siku za kuleta mzigo, leseni, dhamana.
Moshi haukuwa na safu.

Nisiseme uongo, lipo na lingine.
Diwani Msanjila, aliyeigonga meza kuliko wote
akiililia miti ya wajukuu zetu,
shemeji yake anauza mitungi pale stendi.
Tulijua. Wakati wa kura alitoka nje,
kama kanuni inavyotaka,
akasimama karibu na dirisha,
na kivuli chake kikapiga kura kwenye pazia.

Na mimi?
Mimi niliinua mkono kwa ajili ya kichaka kimoja
nyuma ya nyumba ya mama, kule Chipanga,
tulikochuma mlenda mvua zikianza.
Lori lilikifikia mwezi wa sita.
Mama alipowauliza kwa ruhusa ya nani,
walimwonyesha karatasi.
Mama hasomi, lakini saini aliitambua:
ile yenye mkia mrefu,
aliyoizoea kwenye barua za shule.
Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nimekula.

Basi, serikali ilisukumwa na nini?
Sijui kama serikali ina kifua cha kugusia hilo.
Nilihesabu mikono tisa hewani;
ya pili ilikuwa chini ya meza,
kila mmoja ameshika chake.

Jana nilipita jikoni kwa Damari.
Mwali wa buluu, ukuta umepakwa chokaa.
Hakunishukuru. Alisema ugali wa uwele
umekosa ile harufu, na mitungi iliisha
tarehe ishirini, na amerudi kuokota vijiti.
Hati ya kujaza mitungi ipo mezani kwangu,
siku ya nne leo, inasubiri fungu lipatikane.

Nje, Jumatatu, lori linapita bado.
Siku hizi linaelekea Dodoma mjini.
Nimevuta kalamu.
Naanza kusaini, nafika kwenye mkia,
nasita.